Roboti ya dola 10

Siku hizi hapa kambini Kinama, ukipita jioni kwenye vibanda vya kuchaji simu, mabishano si ya mpira peke yake. Vijana wanazungumza habari za kutredi. Mmoja anasema ana roboti inayotumika usiku yeye akiwa amelala, mwingine anamwambia hiyo ni ya zamani, kuna mpya imetoka Gitega. Wazazi wanadhani ni mchezo wa simu. Baadhi ya wafanyakazi wa mashirika wanasema ni kamari tu, na kwamba dawa yake ni kukataza. Mimi niko na vijana hawa kila siku kwenye senta, nimeangalia simu zao, na kwa maoni yangu pande zote mbili hazijafungua chombo chenyewe zikaona kilicho ndani. Naomba tukifungue pamoja.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni animateri wa vijana. Nilimaliza sekondari, basi, sikusoma uchumi. Lakini hesabu zinazotakiwa hapa ni za kujumlisha na kuzidisha kwa mbili, na mahali paliponishinda nilimwomba mwalimu wa hesabu anisaidie. Kwa hiyo usiogope, ndugu msomaji.

Roboti si chuma chenye mikono. Ni programu ndogo ndani ya tovuti ya kampuni inayouza kitu kinachoitwa opsheni. Ukifungua ukurasa wake unakuta vipande vya rangi, kama matofali ya kuchezea watoto. Kimoja kimeandikwa "nunua", kingine "ukishinda fanya hivi", kingine "ukikosa fanya vile". Unaviburuta kwa kidole, unavishikamanisha, unabonyeza kitufe cha kuanza, na programu inaanza kununua yenyewe. Huandiki kodi hata mstari mmoja. Ukimaliza unaweza kuhifadhi mpangilio wako kama faili, ukamtumia mwenzako, naye akaupakia kwenye simu yake. Faili hiyo ndiyo "roboti" inayouzwa.

Mara ya kwanza nilipoonyeshwa nilishtuka, maana vipande vile nilikuwa navijua. Kwenye senta tunafundisha watoto Scratch, programu iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ambamo mtoto anamtembeza paka kwa kuunganisha vipande vya rangi. Mwaka 2012 Google nao wakatoa Blockly, kifurushi cha wazi ambacho yeyote anaweza kukichukua na kujenga programu ya vipande kama hivyo. Kuna kampuni za opsheni zilizokichukua. Yaani kitu kile kile kinachomfundisha mtoto wa miaka 10 kusema "rudia mara 4" ndicho kinachomwezesha kijana wa kambini kurudia dau mara 400 bila kugusa simu.

Aliyenionyesha ni kijana wa kibanda cha kuchaji simu, ana miaka 19, na kwenye Scratch hakuna aliyemfikia. Jina lake nitaliacha. Alikuwa na furaha sana siku ile. "Yaya, angalia, iko inatumika yenyewe!" Namba zilikuwa zinapita: kijani, kijani, nyekundu, kijani. Juu ya skrini salio lilikuwa dola 10,000 na kitu. Nikamwuliza dola elfu kumi amezitoa wapi. Akacheka. Ilikuwa akaunti ya majaribio, ambayo kampuni humpa kila mtu ikiwa na pesa za uongo ajifunzie. Alikuwa ameiacha roboti ikitembea tangu asubuhi na haikuwa imeanguka hata mara moja.

Wiki iliyofuata aliingia na dola 10 za kweli. Hapa wafanyakazi wa mashirika wasikilize, maana dola 10 za kijana wa kambini hazifanani na dola 10 za mtu mwingine. Kwanza, kitambulisho cha mkimbizi hakikukubaliwa, kwa hiyo akaunti ilifunguliwa kwa karangamuntu ya rafiki yake Mrundi. Maana yake hata angeshinda, pesa zingetoka kwa jina la mtu mwingine. Pili, hana benki. Alimtumia wakala faranga kwa Lumicash, na wakala akamwekea dola kwa bei ya mtaani, ambayo kila anayeishi Burundi anajua iko mbali na bei ya benki, kisha akakata chake. Tatu, faranga zenyewe zilikuwa mtaji wa maandazi wa mama yake. Alizichukua akisema atazirudisha asubuhi kabla unga haujakandwa.

Kabla ya saa nne usiku salio lilikuwa chini ya dola moja.

Mama yake hakupiga kelele. Alikuja senta kesho yake, akakaa kwenye benchi, akaniuliza swali moja: "Animateri, mtoto wangu ameibiwa ama amecheza?"

Swali hilo lilinikaa kichwani wiki nyingi, na karibu yote ninayoandika hapa yametoka kwenye kulitafutia jibu. Nilianza na jambo ambalo mama mwenyewe analijua kuliko mimi.

Kila msimu, yeye na wenzake wanapanda vilima vya Gasorwe kutafuta maharage. Tuseme gunia ni faranga 200,000 na yeye hana pesa yote. Anamwambia mkulima: chukua hizi 20,000, unishikie gunia hili mpaka mwisho wa mwezi kwa bei ya leo, nikirudi nakulipa 200,000 zako kamili, nisiporudi hizi 20,000 ni zako. Sisi tunaita avansi, watu wa pwani wanasema arubuni. Mwisho wa mwezi bei ya soko la Muyinga ikiwa 260,000, mama anarudi kilimani, analipa 200,000, anauza 260,000, na ukitoa zile 20,000 za mwanzo anabaki na faida ya 40,000. Bei ikishuka mpaka 170,000, harudi. Amepoteza 20,000 na mambo yamekwisha. Hata ingeshuka mpaka 100,000, hasara yake ni ile ile 20,000. Basi hiyo ndiyo opsheni. Ni haki ya kununua, bila kulazimika kununua, na haki hiyo ina bei yake. Iko pia ya upande wa pili, haki ya kuuza.

Si jambo la jana. Aristotle wa Ugiriki aliandika habari za Thales wa Mileto, aliyetoa avansi ndogo kwenye mashine za kukamua zeituni wakati wa baridi, ambapo hakuna aliyezitaka. Mavuno yalipokuja kwa wingi akazikodisha kwa bei aliyoitaka. Kilichobadilika baadaye ni soko. Tarehe 26 Aprili 1973 lilifunguliwa mjini Chicago soko la kuuzia opsheni za hisa zenye masharti ya aina moja, na mwaka huo huo Fischer Black na Myron Scholes wakachapisha kanuni ya kukadiria bei ya opsheni. Wachuuzi wa soko lile hawakuwa na kompyuta mkononi. Black aliwauzia karatasi zilizochapishwa bei, wakaingia nazo sokoni. Karatasi zile ndizo babu wa programu za leo.

Na programu za leo za kupanga mikakati ya opsheni, nasema zile za masoko ya kweli, kazi yao kubwa ni kukuchorea mstari. Unachagua opsheni moja, au unaunganisha mbili, tatu, nne (mikakati hiyo ina majina ya kipepeo na kondori, kana kwamba uko mbugani), na kabla hujalipa hata senti skrini inakuonyesha mchoro. Chini kuna bei itakayokuwa sokoni siku ya mwisho. Pembeni kuna faida yako au hasara yako. Ukiichora avansi ya mama, mstari unatembea tambarare chini kwenye hasara ya 20,000 mpaka ufike bei ya 200,000, halafu unapanda, unavuka sifuri kwenye 220,000, unaendelea kwenda juu. Nimewachorea akina mama wasiojua kusoma, kwa mkaa juu ya katoni, wakauelewa kabla chai haijapoa. Jambo la kwanza wanaloonyesha kwa kidole ni ile sehemu tambarare ya chini. "Hapa ndipo mwisho wa kuumia," mmoja alisema.

Chombo cha namna hiyo kingefaa hata nchi hii. Kahawa ya Muyinga na Gitega ni arabika, na bei ya arabika ya dunia inaangaliwa New York, ambako mkataba mmoja ni ratili 37,500, karibu tani 17. Februari 2025 bei hiyo ilivuka dola 4 kwa ratili. Mwenye kahawa nyingi anaweza kulipia haki ya kuuza kwa bei fulani, ili bei ikianguka kabla hajapeleka magunia awe na mahali pa kushika. Ni kinga, kama bima. Lakini tani 17 si mzigo wa mkulima mwenye miti 200 nyuma ya nyumba. Nairobi walifungua soko lao la mikataba ya namna hiyo, NEXT, mwezi Julai 2019, na walianza na hisa na fahirisi, si maharage wala kahawa ya jirani zetu. Kwa hiyo opsheni yenye faida kwa watu wa huku bado iko mbali, na kilichofika kwenye simu zetu ni ndugu yake mwingine.

Turudi kwenye simu ya kijana. Nilitafuta ule mchoro, nikaukosa. Kilichokuwa kinanunuliwa pale si haki ya kununua kitu. Unaweka dau kwamba tarakimu ya mwisho ya bei itakuwa shufwa au witiri, na baada ya kama sekunde mbili jibu limetoka. Opsheni za ndiyo au hapana. Tena bei yenyewe si ya kahawa, wala dhahabu, wala faranga. Inatoka kwenye kompyuta inayozalisha namba za bahati, ndiyo sababu "soko" lile liko wazi Jumapili usiku na sikukuu ya Noeli. Nilimwuliza kijana ni soko gani duniani halina mchuuzi anayekwenda kanisani. Hakujibu, lakini nilimwona amefikiri.

Kwenye skrini aliyonionyesha, ukiweka dola 1 na ukapata, faida yako ni senti 95. Ukikosa unapoteza dola nzima. Ukirusha mara 100 kwa dau hilo hilo, na bahati ikagawana sawa, unapata 47.50 na kupoteza 50. Dola 2 na nusu zimebaki kwa mwenye nyumba. Hizo ni ndogo, na kama ingekuwa hizo tu nisingeandika makala. Hatari iko kwenye mkakati uliowekwa ndani ya roboti.

Mkakati huo unaitwa Martingale, na wacheza kamari wa Ufaransa waliujua tangu karne ya 18. Ukikosa, zidisha dau mara mbili. Ukikosa tena, zidisha tena. Siku utakapopata utarudisha karibu yote uliyopoteza. Kwa maneno unasikika mzuri sana, maana nani atakosa milele? Sasa weka namba. Dau dogo kabisa alilokuwa anaweka ni senti 35. Akikosa: 0.35, halafu 0.70, halafu 1.40, halafu 2.80. Amekosa mara nne, zimekwenda dola 5.25. Kwenye dola 10 zimebaki 4.75. Dau la tano linatakiwa kuwa 5.60. Hana. Mkakati umekufa hapo, na nusu ya pesa imekwenda.

Kukosa mara nne mfululizo si jambo la ajabu. Mwalimu wa hesabu alinionyesha kwamba ukirusha sarafu, kwa wastani ni mirusho 30 tu mpaka upate kukosa mara nne kwa mfululizo. Ukiwa na bahati mwanzoni, salio linapanda kidogo na unaweza kuvumilia kukosa mara tano, ambako wastani wake ni mirusho 62. Tuseme roboti inarusha kila baada ya sekunde 4. Ni dakika mbili, au nne.

Halafu chukua akaunti ya majaribio yenye dola 10,000, roboti ile ile, dau lile lile la senti 35. Ili mkakati ufe inabidi ukose mara 14 mfululizo. Wastani wake ni mirusho 32,766. Kwa sekunde 4 kila mrusho, hayo ni masaa 36 bila kusimama. Ndiyo maana kijana aliiacha tangu asubuhi na haikuanguka. Haikuwa roboti nzuri. Ilikuwa imesimama juu ya pesa za uongo nyingi kiasi kwamba hukai macho kuisubiri ianguke.

Hili ndilo nataka watu walishike, hata kama mengine watayasahau. Majaribio ya dola 10,000 hayamwambii chochote mtu mwenye dola 10. Hakuna mtu aliyedanganya kwa mdomo. Kila kitu kwenye skrini kilikuwa sahihi, kasoro kipimo.

Mwezi mmoja baadaye nilipata ruhusa ya kutoka kambini kwenda Gitega kwa mafunzo ya siku chache ya animateri. Tulipita njia ya Karuzi kwa Probox, watu saba kwenye gari la watano, na mahali pa kungojea mafuta tulikaa muda kuliko njia yenyewe. (Muyinga siku hizi imeingizwa mkoa mpya wa Buhumuza, lakini muulize konda yeyote kama anaita hivyo.) Gitega nilimtafuta yule anayeuza roboti. Haikuwa kazi ngumu, namba yake iko kwenye simu za vijana wetu wote.

Nilitarajia kukutana na mtu wa miwani na cheni. Nikakuta kijana wa umri wangu, mpole, amekaa nje ya duka la fotokopi na kompyuta ya mkononi yenye ufa. Alininunulia Fanta. Akanionyesha picha za skrini za wateja, salio maelfu ya dola, zote zimekatwa pale juu ambapo neno la majaribio huandikwa. Nikamwuliza yeye mwenyewe anatredi kiasi gani kwa siku. Akacheka kwa sauti: "Kaka, mimi nauza majembe. Silimi." Roboti anauza kwa bei ya soda chache. Lakini kila anayefungua akaunti kupitia kiungo chake, kampuni inamlipa yeye kamisheni, na mteja anavyorusha mara nyingi ndivyo kamisheni inavyoongezeka, mteja apate asipate. Alinieleza haya bila aibu, kama fundi anayeeleza kazi yake. Alikuwa anamtunza mdogo wake shuleni kwa pesa hizo. Sikuweza kumchukia, na naona ni afadhali niseme hivyo kuliko kumfanya shetani. Ila nilielewa kwa nini roboti zake zote zinarusha haraka haraka.

Niliporudi sikukataza. Niliazima kilo moja ya maharage na sarafu ya shilingi 200 ya Tanzania, maana hapa karibu na Kobero sarafu hizo zinatembea. Tulianza na vizibo vya Fanta, lakini msichana mmoja akasema kizibo si cha haki, kinapenda kuangukia upande mmoja. Alikuwa na haki yake, tukabadilisha. Vijana wawili wawili, kila kundi punje 28, ambazo ni kama dola 10 ukigawanya kwa senti 35. Dau la kwanza punje moja, ukikosa unazidisha. Kundi la kwanza lilikufa kabla sarafu haijazunguka kila mtu. Kundi jingine lilienda, likaenda, likawa na punje nyingi kuliko lilizoanza nazo, wakaanza kuimba. Sikuwaficha kwamba hilo hutokea. Kwenye mchezo kama huu wako wanaotoka na faida, na hao ndio wanaopiga picha za skrini. Waliokufa mapema hakuna aliyewapiga picha, walikuwa wanaokota maharage yaliyoanguka chini.

Kisha nikalipa kundi moja punje za kilo yote iliyobaki, nikasema, nyinyi ni akaunti ya majaribio. Waliendelea kurusha mpaka mkono ukawauma, bila kufa. Yule kijana wa kibanda alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno. Baadaye jioni alinionyesha alichofanya: alifungua Scratch, akaunda paka anayerusha sarafu mwenyewe, akiwa na dola 10, na kila akifa paka anaandika amefika mrusho wa ngapi. Ilimchukua nusu saa. Ni vipande vile vile vya "ukikosa, zidisha mara mbili". Tofauti ni kwamba kile chake kilihesabu vifo.

Wenzetu wa nchi nyingine hawakuishia kwenye maharage. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku opsheni za ndiyo au hapana kwa watu wa kawaida Julai 2018, Uingereza ikafuata Aprili 2019, na Australia Mei 2021, baada ya mamlaka yake kuona kwamba karibu asilimia 80 ya wateja wa kawaida walikuwa wanapoteza pesa. Israeli, ambako kampuni nyingi za namna hiyo zilikuwa na ofisi, ilipitisha sheria mwaka 2017. Mlango ukifungwa kule, biashara inatafuta mlango mwingine, na simu yenye bando la faranga kidogo ni mlango.

Nilimjibu mama wa kijana hivi: hakuibiwa, maana alibonyeza mwenyewe, na hakucheza, maana mchezaji anajua kwamba anacheza. Alipewa chombo kilichofichwa upande mmoja wa mchoro. Mama akasema jibu langu ni refu na halinunui unga. Ni kweli. Mtaji wa maandazi ulirudi polepole, kijana alilipa kwa kuchaji simu, akina mama wa kikundi chao cha akiba wakamkopesha kidogo.

Kwa marafiki zetu wa mashirika nina neno, na nalisema kwa heshima. Kwenye mafunzo ya ujasiriamali nimeona vibao vingi vyenye mishale. Yote inapanda. Sijaona hata kimoja chenye ile sehemu tambarare ya chini, pa kuonyesha mwisho wa kuumia. Mtu akishazoea michoro ya kupanda peke yake kwenye darasa letu, muuzaji wa Gitega hana kazi kubwa ya kumshawishi. Na tusijidanganye kwamba vijana wanafuata roboti kwa uvivu. Kijana anayekaa miaka mingi mahali ambapo kwenda mji wa jirani kunahitaji karatasi, halafu akaambiwa kuna kazi isiyotaka karatasi, wala diploma, wala nauli, atasikiliza. Mimi pia nilisikiliza, mpaka nikaanza kuhesabu.

Sasa tunakutana Jumamosi, vijana kumi na wawili hivi. Tunachora. Kijana wa kibanda ametengeneza kwenye Scratch kitu kinachochora mstari wa avansi: unaingiza bei ya gunia, unaingiza avansi, paka anakimbia na kuuacha mstari nyuma yake. Kuna siku aliuliza mkulima wa kilimani yeye ana mchoro gani. Tukauchora. Ni ule ule umegeuzwa kichwa chini: tambarare iko juu, kwenye faida ya 20,000, halafu inaanguka kadiri bei ya soko inavyopanda, kwa sababu atalazimika kuuza 200,000 gunia ambalo wengine wanauza 260,000.

Mama yake alikuwepo siku hiyo, amekuja kuchukua simu. Aliuangalia mchoro wa mkulima muda mrefu kuliko alivyowahi kuuangalia wake. "Kumbe ndiyo sababu," akasema, "mwaka huu ananiomba avansi ya elfu 30."